Kuhakiki Cheti: Mhitimu wa Nalasi Alipie Kipi?

Mhitimu wa Nalasi anayeomba kazi serikalini huanza kulipa kabla hajaajiriwa: nauli ya kwenda Tunduru mjini, kutoa kopi, muhuri wa wakili, bando la kupakia nyaraka kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira. Mara nyingi fedha hiyo imetoka kwenye korosho za mzazi, na minada ya korosho ina msimu wake. Anayemletea huduma ya kuhakiki shahada kwa blokicheni abanwe kwanza kwenye bei.

Kwa kidato cha nne na cha sita, njia nafuu ipo tayari. Matokeo ya Baraza la Mitihani (NECTA) yako mtandaoni: namba ya mtahiniwa, jinsia, daraja, alama za kila somo. Unalipia bando tu. Jina halimo, kwa hiyo mwajiri makini bado ataliandikia Baraza. Shahada ya nje ya nchi hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ikatambuliwe.

Blokicheni ni daftari linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja. Chuo huandika humo alama ya hesabu iliyotokana na cheti. Ukibadili herufi moja, alama hailingani tena. Chuo Kikuu cha Nicosia, Kupro, kilianza 2014. MIT ya Marekani ikatoa vyeti vya namna hiyo kwa wahitimu 111 mwaka 2017. Kuandika humo hulipiwa: Desemba ya mwaka huo wastani wa ada ya muamala mmoja kwenye Bitcoin, mojawapo ya blokicheni hizo, ulipita dola 50. Chuo kinaweza kufunga maelfu ya vyeti kwenye muamala mmoja, ada ikabaki senti chache kwa kila mhitimu. Wewe ukijisajilia peke yako unaibeba ada yote, tena bila faida, maana alama isiyotoka chuoni haithibitishi kitu. Mlipaji hapa ni chuo.

Kinachonisumbua kuliko bei ni ripoti ya uhakiki wa vyeti vya sekondari na ualimu aliyokabidhiwa Rais Magufuli Dodoma, Aprili 28, 2017. Watumishi wa umma 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Hao blokicheni ingewanasa. Lakini palikuwa pia na vyeti 1,538 vilivyotumiwa na watu 3,076. Cheti ni cha kweli, aliyekishika siye. Daftari lingewapitisha wote.

Kwa hiyo chuo kikikutangazia mfumo huo, uliza kama cheti kimeunganishwa na namba yako ya kitambulisho cha taifa (NIDA), na kama kitaendelea kuhakikika kampuni iliyouza mfumo ikifunga. Wasipokujibu, hela yako ilipie transkripti yenye muhuri wa chuo.