Akili Unde na Tathmini ya Nyumba Zilizoharibiwa na Maafa

Mwezi Agosti 2023, moto wa nyika uliuteketeza mji wa Lahaina katika kisiwa cha Maui, nchini Marekani. Watu wapatao 100 walipoteza maisha, na majengo zaidi ya 2,000 yaliharibika au kuteketea. Ndani ya siku chache, akili unde ilikwisha kuchora ramani ya majengo yaliyoungua, kwa kusoma picha za satelaiti.

Kompyuta hufundishwa kwa mifano. Huonyeshwa picha za majengo kabla na baada ya maafa, ambazo wanadamu wamekwisha kuziwekea alama: jengo salama, lililoharibika kidogo, lililoharibika sana, lililobomoka. Hazina moja ya picha hizo, xBD, iliyotolewa mwaka 2019, ina majengo zaidi ya 850,000. Kwa kurudiarudia, kompyuta hujigundulia yenyewe dalili za uharibifu, kisha huzitafuta katika picha ambazo haijapata kuziona.

Moto huirahisishia kazi hiyo, kwa kuwa paa hudondoka na majivu huonekana toka juu. Lakini ingekuwaje hapa kwetu Kagera, tulikopatwa na tetemeko la ardhi la ukubwa wa 5.9 tarehe 10 Septemba 2016? Nyumba nyingi zilipasuka kuta huku mabati yakibaki mahali pake. Nyumba ya namna hiyo, ikitazamwa toka angani, ni nzima. Tena Izimbya, kama vijiji vingi vya Wahaya, nyumba zimejificha ndani ya vibanja, chini ya migomba. Na msimu wa mvua, mawingu huziba hata hicho kidogo ambacho kingeonekana.

Kwa mjane anayelala nje kwa kuogopa ukuta wenye ufa, neno “salama” katika ramani laweza kumaanisha kukosa turubai na saruji. Hati ya Vatikani juu ya akili unde, Antiqua et nova, ya Januari 2025, inasisitiza kwamba wajibu wa maamuzi hubaki kwa mwanadamu. Kwa maoni yetu, ramani ya kompyuta ifae kuonyesha mahali pa kuanzia, wala isitumike kumwondoa mtu yeyote katika orodha ya msaada. Orodha hiyo iandikwe nyumba kwa nyumba, pamoja na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo na wenyeviti wa vitongoji, wanaojua nani analala wapi, na nyuma ya mgomba upi kuna nyumba.