Ulimi Kuwa Upanga: Mvuto wa Mchezo wa The Secret of Monkey Island

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuutafuta ucheshi katika tamthilia, ngano na hadithi fupi. Ni nadra kuutafuta katika mchezo wa kompyuta. Makala haya yanashikilia kwamba The Secret of Monkey Island, mchezo uliotolewa mwaka 1990 na kampuni ya Lucasfilm Games ya Marekani, unastahili kusomwa kama matini, kwa kuwa silaha kuu ndani yake ni lugha. Mtunzi wake mkuu ni Ron Gilbert, aliyeshirikiana na Tim Schafer na Dave Grossman.

Kisa chenyewe si kigumu. Kijana Guybrush Threepwood anafika katika kisiwa kimoja cha Karibi akitaka kuwa haramia. Anapewa majaribio matatu: kumshinda Bingwa wa Upanga, kuiba sanamu katika jumba la gavana, na kufukua hazina. Baadaye gavana huyo, Elaine Marley, anatekwa na LeChuck, mzuka wa haramia anayetaka kumwoa. Msomaji anayetarajia shujaa wa tendi atavunjika moyo, maana kipaji anachojivunia Guybrush ni kuweza kuzuia pumzi kwa dakika kumi.

Chini ya kiwambo huorodheshwa vitenzi: fungua, sukuma, vuta, tumia na vinginevyo. Mchezaji hubofya kitenzi, kisha kitu, na sentensi ikajijenga mbele ya macho yake. Sentensi isiyo na mantiki haiadhibiwi. Aghalabu hujibiwa kwa mzaha. Katika makala aliyoyaandika mwaka 1989, Gilbert alikuwa amelalamikia michezo inayomuua mchezaji ovyo, na hapa anaikejeli waziwazi. Guybrush anaporomoka kutoka jabalini, tangazo la kushindwa linajitokeza, mchezaji anashika tama. Mara shujaa anarushwa juu na kutua palepale alipokuwa, akieleza kwamba huko chini pana mti wa mpira! Udadisi, basi, hauna gharama, na kukosea kwenyewe huwa chanzo cha kicheko.

Hata hivyo, kilele cha ubunifu wa mchezo huu ni mapigano ya panga. Mshindi si mwenye mkono mwepesi bali mwenye jibu. Haramia mmoja hutoa kejeli. Mwenzake akipata jibu linaloafiki, ndiye anayetwaa nafasi ya kushambulia. Guybrush huanza akiwa hajui lolote. Huzurura njiani akishindwa na maharamia, na kila anaposhindwa huondoka na kejeli mpya au jibu jipya. Kisha hukutana na Carla, Bingwa wa Upanga, ambaye kejeli zake zote ni ngeni. Majibu aliyonayo mchezaji ni yale yale ya zamani, naye sharti atambue ni lipi litakaloiangukia kejeli hii mpya. Neno halikubadilika, muktadha umebadilika, na maana pamoja nao. Sijaona somo la pragmatiki lililo wazi kuliko hilo. Aliyewahi kusikiliza mchongoano wa vijana wetu atalielewa bila kufafanuliwa.

Katika The Curse of Monkey Island, mchezo wa tatu katika mfululizo huo, uliotoka mwaka 1997, sharti jingine linaongezwa: mapigano yanapofanyika baharini, jibu lazima liwe na kina kinachooana na kile cha kejeli. Sisi tuliolelewa katika malumbano ya kishairi, tangu enzi za Muyaka, hatuwezi kuliona jambo hilo kuwa geni.

Ugumu unajitokeza katika tafsiri. Katika mchezo wa pili, wa mwaka 1991, ili kuufunga mtambo wa maji, mchezaji humtumia tumbili kama spana, kwa sababu katika Kiingereza cha Marekani aina fulani ya spana hubeba jina la mnyama huyo. Hata Waingereza, ambao huiita spana tu, walipata taabu kulifumbua fumbo hilo. Mfasiri wa Kiswahili je? Spana inayorekebishwa kutoshea nati ya kila ukubwa, mafundi huiita spana malaya. Atakayelifuata jina hilo itambidi amwache tumbili msituni na kubuni fumbo jingine kabisa, pengine lisiloweza kuchezwa mbele ya wazazi.