Ukuta Nao ni Kabati

Katika nyumba za kale za mawe mjini Lamu, mji ulioingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, kuta za ndani zimepambwa kwa zidaka: vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu, ambamo wenye nyumba waliweka sahani za kaure kutoka China. Ukuta ulihifadhi vyombo na kupendezesha chumba.

Mbinu hiyo inamfaa sana mpangaji wa chumba kimoja.

Rafu mbili za mbao zikipigiliwa ukutani hubeba vitabu, redio na vikombe, na sakafu inabaki wazi. Kitanda kikiinuliwa kwa matofali imara, masanduku ya nguo hupata nafasi uvunguni. Doti ya kanga ina vipande viwili: kimoja hutosha pazia la dirisha dogo, cha pili hushonwa foronya. Mkeka wa ukili hutandikwa wageni wakija, kisha hukunjwa na kusimamishwa pembeni.

Kabla ya kumwita fundi seremala, pima ukuta, toa vyombo usivyotumia na uwagawie wanaovihitaji.