Mashini inavuma lakini haitembei: nani anaikalia?

Siku ya ine, saa mbili ya asubuhi, mama karani wa koperative moja ya kahawa alituita mbio kwenye biro yao hapa Ibanda, upande wa Nyawera. Siku ya posho wanamemba walikuwa washuke kuchukua malipo ya serizi zao. "Kilo zote ziko mule ndani ya mashini," alituambia, "na mashini inakataa." Kufungua rejista ya Excel tu kulichukua dakika kumi na mbili. Feni ilikuwa inavuma kama kinu cha mihogo.

Kamati ilikuwa imeshasema neno lake: "Hii mashini ishazeeka, tutafute ingine." Na pesa? Zingetoka kwenye kasha la kununua kipuri cha mashine ya kumenya serizi. Sisi ni watu wa shamba, si mafundi wa kompyuta. Lakini mgomba ukinyauka, tunakata shina kwanza tuone kama linatoa usaha wa njano; hatung'oi shamba lote. Tukaomba tupewe asubuhi ile moja.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Tulipoona Excel imeganda, tukaizima kwa nguvu. Mama karani alikuwa ameandika kilo za pesée mbili bila kuzihifadhi, zote zikapotea. Bahati alikuwa na daftari la karatasi, akaandika upya akituangalia kwa jicho baya, na alikuwa na haki. Kwa hiyo kabla ya kugusa kitu chochote, hifadhi kazi, halafu nakili rejista kwenye flashi safi. Mashini nzito inaweza kuchukua robo saa kunakili. Muiache.

Kisha tukabonyeza Ctrl, Maj na Échap kwa pamoja. Linafunguka dirisha la "Gestionnaire des tâches". Kwenye Windows 7, ambayo ndiyo iko kwenye mashini nyingi za zamani humu mjini, nenda kwenye "Processus", bonyeza chini "Afficher les processus de tous les utilisateurs", halafu bonyeza juu ya neno "Processeur" ili wanaokula zaidi wapande juu. Prosesa ndiyo mfanyakazi wa mashini: kazi zote zinapita mikononi mwake, zile unazoziona na zile zinazofanyika nyuma bila dirisha.

Hapo watu wengi wanaogopa bure. Wanaona "Processus inactif du système" ina 95 na wanasema mwizi ndiye huyu. Hapana. Ile ni hesabu ya muda ambao prosesa imekaa bila kazi. Ikiwa 95, mashini inapumzika. Yetu ilikuwa inaonyesha 00, na hiyo ndiyo ilitutisha.

Juu ya orodha kulikuwa na majina mawili tusiyoyajua, kila moja linakula karibu nusu ya prosesa. Tukayaandika kwenye karatasi. Zilikuwa antivirusi mbili. Ya kwanza ilikuja na mashini. Ya pili aliiweka kijana mmoja, mwaka uliopita, baada ya flashi ya mgeni kuleta virusi inayogeuza mafaili kuwa vinjia vya mkato. Alifanya kwa moyo mzuri. Ya kwanza hakuitoa.

Fikiri mizani ya koperative yenye wapimaji wawili wasioaminiana. Gunia linapimwa na wa kwanza. Wa pili akiona limeguswa, naye analipima upya. Wa kwanza akiona limeguswa tena, anarudia. Serizi zinachachukia kwenye foleni. Kila mama karani alipohifadhi rejista, antivirusi zote mbili zililifungua lile faili moja.

Na kulikuwa na jambo la pili, la hapa kwetu hasa. Antivirusi ile ya zamani ilipangiwa kukagua diski nzima kila wiki, na ikikosa saa yake, inaanza mashini ikiwashwa. Umeme ukikatika saa nne, ukaguzi unakufa njiani. Ukirudi saa nane, unaanza tena kutoka mwanzo. Katika wiki za delestaji haujawahi kumalizika hata mara moja. Mashini ilikuwa inalima kipande kilekile kila siku.

Tulijaribu kusimamisha ile ya pili palepale kwenye orodha. Jibu: "Accès refusé". Ni kawaida, antivirusi inajilinda. Ikabidi tupite "Panneau de configuration", "Programmes et fonctionnalités", tukaitoa vizuri, tukawasha mashini upya. Zile zinazoitwa svchost msiziguse, ni watumishi wa mfumo wenyewe. Halafu tukafungua kifuniko na kutoa vumbi kwa brashi laini, umeme ukiwa umechomolewa. Prosesa ikipata joto sana inajipunguzia mbio yenyewe. Tukaacha mashini iwake usiku mzima, umeme ukakubali, ukaguzi ukamalizika. Asubuhi yake rejista ilifunguka kabla chai haijamiminwa.

Ikiwa jina mlilokuta si la antivirusi wala la mfumo, muwe macho. Huko Luviro, Hifadhi ya Virunga ilianza kuchimba bitcoin kwa umeme wa maji mwaka 2020, na ilifanya wazi. Kuna programu zinazochimba kwa siri ndani ya prosesa ya mtu mwingine, zikiingia na flashi au na programu za bure. Hapo muite fundi, na mtoe intaneti kwanza.

Mashini haikugeuka mpya. Windows 7 haipati tena masasisho ya usalama tangu tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 nayo ilifikia mwisho wake tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo tumeikata intaneti kabisa. Itafanya rejista na mahesabu tu, na flashi ya nje inakaguliwa kwanza kwenye mashini nyingine. Kamati imekubali kuweka kidogo kidogo kwa ajili ya ingine, msimu ujao.

Siku ya posho malipo yalianza saa tatu. Kipuri kimeagizwa. Mama karani bado anaandika kilo kwenye daftari kabla ya kuziingiza kwenye mashini, na hatujamwambia aache.