Vali ya Loda: Maradhi Yake na Namna ya Kuitengeneza

Loda ya trekta dogo, yaani ile mikono miwili ya chuma inayofungwa mbele ya trekta lenye nguvu za farasi 20 hadi 40 hivi ili kubebea ndoo ya kuzolea mchanga, samadi au kokoto, haina nguvu yake yenyewe. Nguvu zote hutoka kwenye pampu inayozungushwa na injini, zikabebwa na mafuta kupitia mabomba na hosi hadi kwenye silinda, na kati ya pampu na silinda hizo hukaa kifaa kinachoamua mafuta yaelekee wapi na kwa kiasi gani. Kifaa hicho ni vali ya kuongozea, nayo ndiyo ambayo mwenye trekta huishuku kwanza anapoona mikono inashuka yenyewe. Mara nyingi huishuku kwa haki, lakini pia mara nyingi huitupa na kununua nyingine ilhali kilichokufa ndani yake ni pete ya mpira ya bei ndogo.

Msingi wa mtambo huu ni kanuni iliyoelezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17, kwamba presha inayotiwa kwenye kimiminika kilichofungiwa huenea sawasawa kila upande, kanuni ambayo Mwingereza Joseph Bramah aliitia kazini alipopata hataza ya mashine ya kukandamiza kwa maji mwaka 1795. Katika loda nyingi za matrekta madogo presha hiyo hufika paundi 2,000 hadi 3,000 kwa kila inchi ya mraba, na ni ukubwa huo unaofanya dosari ndogo sana ndani ya vali ionekane nje kwa macho.

Vali yenyewe ni bonge la chuma cha kusubu lililotobolewa matundu marefu, kwa kawaida mawili, moja la kuongoza mikono na moja la kuongoza ndoo. Ndani ya kila tundu hupita spuli, yaani ufito wa chuma ulionyooka na kung'arishwa, wenye sehemu nene zinazoziba milango ya mafuta na sehemu nyembamba zinazoifungua, na springi iliyo mwishoni huirudisha katikati mkono wa dereva unapoachia usukani wa loda. Hakuna mpira unaozuia mafuta kati ya mlango mmoja na mwingine. Kinachoyazuia ni ubanano wa chuma kwa chuma, ambao nafasi yake ni sehemu chache tu za elfu za milimita, kiasi kwamba unywele wa binadamu ni mnene mara kadhaa kuliko nafasi hiyo. Oringi, yaani pete za mpira, hukaa kwenye ncha za tundu tu, na kazi yake ni kuzuia mafuta yasitoke nje.

Kutokana na umbile hilo, maradhi ya vali huonyesha dalili tofauti, na ufundi mkubwa uko katika kuzitofautisha kabla ya kushika spana. Mafuta yanayochuruzika kwenye ncha ya spuli ni ugonjwa wa oringi. Loda inayokosa nguvu katika kila kazi huelekeza kwenye vali ya usalama, ile inayofunguka presha inapozidi kiwango, ambayo huenda imeshikwa na uchafu ikabaki wazi kidogo, ingawa pampu iliyochoka nayo huleta dalili hiyohiyo na geji ya presha husaidia kuamua. Mikono inayozama kidogo pale dereva anapoanza kuinua mzigo, kisha ndipo ikapanda, ina kasoro katika vali ndogo ya kuzuia mafuta yasirudi nyuma. Mikono inayoshuka taratibu usukani ukiwa katikati ndiyo inayozua ubishi mwingi zaidi, kwa kuwa mafundi wengi hukimbilia kulaumu sili za pistoni ndani ya silinda. Lawama hiyo hupuuza jambo moja la msingi: mafuta yanayovuka pistoni iliyochoka huingia upande ambao sehemu yake imeshakaliwa na ufito wa silinda, hivyo hayawezi kuenea yote huko, na kama vali imefunga milango yote miwili barabara, mikono itazama kidogo tu kisha itasimama. Mikono inayoshuka hadi chini, huku hakuna mafuta yanayomwagika nje, kwa kawaida inaishtaki spuli.

Kabla ya kufungua chochote, ndoo hushushwa chini kabisa, injini huzimwa, na usukani wa loda husukumwa kila upande ili presha iliyobaki iishe. Hatua hii si ya kurukwa hata kidogo, kwa sababu mafuta yanayotoka kwa presha kupitia tundu dogo hupenya ngozi na kuingia mwilini, jeraha ambalo kwa nje huonekana dogo lakini linahitaji daktari mpasuaji siku hiyohiyo. Kwa sababu hiyo uvujaji hutafutwa kwa kipande cha kadibodi, kamwe si kwa kidole.

Usafi ndio nusu ya kazi yenyewe. Vali huoshwa nje kwa dizeli au mafuta ya taa ikiwa milango yake imezibwa, kisha hufunguliwa juu ya meza iliyotandikwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Kila spuli hutiwa alama ya tundu lake na upande wake, kwa kuwa spuli na tundu vilioanishwa kiwandani, na kuzibadilisha nafasi ni kuharibu vyote viwili. Spuli haipitishwi msasa, kwa maana unene unaoondolewa ndio uliokuwa ukizuia mafuta. Ikiwa imechubuka kiasi cha kukwama ukucha unapopitishwa juu yake, hapo ndipo kununua vali mpya kunapokuwa na sababu. Bolti inayoshika springi mwishoni mwa spuli mara nyingi imetiwa gundi ya nati na haifunguki mpaka ipashwe moto kidogo, na spuli ikibanwa kwenye jiliwa bila vipande vya mbao laini, imekwisha.

Oringi za zamani hutolewa kwa kijiti cha mbao au plastiki, kwani bisibisi huacha mkwaruzo ambao mafuta yatautumia kuwa njia. Mpya hupakwa mafuta safi, na spuli hurudishwa kwa kuzungushwa polepole, kwa sababu kingo za milango ndani ya tundu ni kali na hukata mpira bila fundi kuhisi. Inafaa pia kuuliza kwa nini oringi ya kwanza ilikufa: mara nyingi kifuniko cha mpira kilichanika, mvua ikaingia, na kutu iliyoota kwenye ncha ya spuli ikawa inaisaga oringi kila usukani uliposogezwa, nayo itaisaga na mpya vilevile.

Bolti za kufungia vali kwenye trekta hukazwa kwa kipimo cha mtengenezaji, na bamba la kuikalia lazima liwe bapa, kwa kuwa bonge likipindwa hata kidogo spuli hung'ang'ania. Anayeweka vali mpya ana jambo la ziada la kuhakikisha: katika matrekta mengi madogo mafuta yakishapita vali ya loda huendelea hadi kwenye mikono ya nyuma ya kuinulia jembe, na njia hiyo ikizibwa kwa plagi isiyofaa, ama jembe halitainuka tena, ama pampu itasukuma mafuta yasiyo na pa kwenda hadi kitu kipasuke.

Kazi ikikamilika, injini huwashwa kwa mwendo wa chini, mikono na ndoo hupelekwa mwanzo hadi mwisho mara kadhaa ili hewa itoke, kisha kiwango cha mafuta hukaguliwa. Kipimo cha mwisho hufanywa mafuta yakiwa yamepata moto, kwani mafuta baridi ni mazito na huficha uvujaji: ndoo yenye mzigo huinuliwa, watu wote wakiwa mbali nayo, injini huzimwa, na kushuka kwake hupimwa kwa rula na saa, kisha hulinganishwa na kiasi kilichoruhusiwa katika kitabu cha trekta, maana hata vali mpya kabisa ya aina hii huvuja kidogo ndani kwa ndani.