Koch, Koech na kocha: herufi chache, maana tofauti kabisa

Andika "Koch" kwenye simu ukiwa Lorugum, Lodwar au popote netiweki inaposhika, kisha uone maajabu. Utaletewa daktari Mjerumani mwenye ndevu, mwanariadha wa zamani, redio ya mtaani Nairobi, na pengine simu ikuulize kama ulimaanisha Koech. Herufi nne tu, lakini hao wote hawajuani.

Tuanze na wa nyumbani. Koech ni jina la Wakalenjin na haliendi popote bila ile "e". Kipkoech ni mvulana aliyezaliwa alfajiri, Chepkoech ni msichana. Ujerumani haimo kabisa hapo. Wanaochanganyikiwa zaidi ni mashabiki wa riadha. Marita Koch wa Ujerumani Mashariki alikimbia mita 400 kwa sekunde 47.60 mjini Canberra mwaka 1985, rekodi ya dunia ambayo imewatoa jasho wanawake wa mbio hizo miaka nenda miaka rudi. Miaka minne baadaye, 1989, Peter Koech wetu akaweka rekodi ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, dakika 8:05.35. Soma jedwali la matokeo haraka haraka na utadhani ni ndugu.

Na hiyo "e" si mapambo, msee. Ikidondoka kwenye cheti cha KCSE huku kitambulisho kikiwa nayo, mwenye jina ataanza kuzunguka ofisini na hati ya kiapo akithibitisha kwamba yeye ni yeye.

Koch ya Nairobi ni kifupi cha Korogocho. Ndiyo maana kuna Koch FM, redio ya jamii iliyoanza mwaka 2006, na "ch" yake ni ile ya chai. Kocha naye ni wa timu, tumemtoa kwa Mwingereza. Hao wawili hawana shida.

Mjerumani ndiye mwenye vituko. Kwake "ch" ya Koch hutoka kooni, karibu na "kh" ya sheikh inavyotamkwa na watu wa Mombasa. Halafu neno lenyewe lina maana: mpishi. Ungedhani herufi kubwa itakusaidia kujua kama ni jina la mtu au kazi, lakini wapi! Kijerumani huandika kila nomino kwa herufi kubwa, iwe mbuzi, meza au mpishi. Tazama neno lililotangulia. Likiwa "ein" au "der", mara nyingi ni mpishi anayezungumziwa. Likiwa "Herr", "Frau" au jina kama Robert, huyo ni mtu na ukoo wake, usimtafsiri.

Robert ndiye anayetuleta Kakuma. Tarehe 24 Machi 1882, jijini Berlin, Robert Koch alitangaza kwamba amegundua bakteria inayosababisha kifua kikuu. Ndiyo sababu Siku ya Kifua Kikuu Duniani ni 24 Machi. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1905, na mwaka uliofuata akaja huku kwetu kutafiti malale, hadi visiwa vya Sese, Uganda. Dawa aliyowapa wagonjwa huko, atoksili, iliwapofusha baadhi yao. Mabango ya 24 Machi huwa hayafiki hapo.

Sasa, hospitali za Kenya huandika TB. Kongo, wanakotumia Kifaransa, karatasi ya maabara mara nyingi huandika "BK", yaani bakteria ya Koch. Kambi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992, ina Wakongo wengi, na mtu aliyekimbia vita anaweza kufika na karatasi moja tu iliyokunjwa mara nne. Kijana wa Lorugum au Lodwar anayefanya kazi ya kuandikisha wagonjwa akiona "Koch" anaweza kudhani ni daktari aliyetia sahihi. Akiona "BK" atadhani ni herufi za mwanzo za jina la mgonjwa. Kumbe "BK+" inasema bakteria imeonekana kwenye makohozi.

Angalia majirani wa neno hapa pia. Kukiwa na alama ya kujumlisha au kutoa, tarehe ya kipimo, au neno "crachat", ambalo ni makohozi kwa Kifaransa, hilo si jina la mtu yeyote aliye chumbani. Mpeleke mwenye karatasi kwa daktari siku hiyo hiyo, na usiache karatasi ibaki kwenye droo.

Sikio nalo lijiandae. Mkongo aliyezoea Kifaransa hatasema "Koch" ya Korogocho wala ya Berlin, atasema "kok". Ukilisikia, muulize kama alianza dawa na amezinywa kwa miezi mingapi. Matibabu ya kawaida huchukua miezi sita, na daktari atahitaji kujua alikatizwa wapi.