Kwa Nini Mafua Humzidi Mmoja Kuliko Mwingine?

Watu wawili wa nyumba moja wanapata homa ya mafua. Mmoja anapona kwa siku chache. Mwingine anahema kwa shida. Kwa nini?

Ndani ya mwili wako mna maagizo uliyorithi kwa wazazi. Huitwa jeni. Virusi vya mafua vikiingia, baadhi ya jeni huamka na kuuamuru mwili upigane.

Mwaka 2018 wataalamu wa Uingereza walieleza walichoona katika damu ya wagonjwa waliolazwa London na Liverpool. Mwanzoni jeni za kupigana na virusi zilifanya kazi sana. Baadaye, kwa waliozidiwa, zilitawala jeni za chembechembe nyeupe zinazoleta uvimbe. Uvimbe ukizidi huumiza mapafu. Ni kama moto wa kusafisha shamba: ukivuka mpaka, huunguza nyumba.

Kwa hiyo usingoje. Mgonjwa akihema haraka, akiumwa kifua, akichanganyikiwa, au mtoto akishindwa kunyonya, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Ukikohoa, ziba mdomo. Nawa mikono kwa sabuni.

Jeni zako hukuzichagua. Kuwahi zahanati unaweza.